Hewa Inayovuja Kati ya Regyuleta na Valvu ya Mtungi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu sehemu moja tu ya vifaa vya kupigia mbizi, yaani pale hatua ya kwanza ya regyuleta inapoungana na valvu ya mtungi. Regyuleta ni kifaa kinachoshusha shinikizo la hewa ya mtungi ili mpiga mbizi aweze kuivuta: hatua ya kwanza hufungwa kwenye mtungi, na hatua ya pili huwekwa mdomoni mwa mpiga mbizi. Viungo vingine vya regyuleta huguswa na fundi peke yake, lakini hiki mpiga mbizi hukiunga na kukifungua kwa mkono wake mwenyewe kila siku ya kazi, na kwa uzoefu wangu ndicho kinachovuja mara nyingi kuliko vyote. Nimeandaa mitungi kwenye boti za pwani yetu kwa misimu mingi, na kosa ninaloliona zaidi ni kutumia nguvu mahali panapohitaji macho.

Nikifungua mtungi nasikia hewa ikitoka kwa sauti nyembamba. Je, nikaze skrubu ya yoki zaidi?

Usikaze. Funga valvu, bonyeza kitufe cha kutolea hewa kwenye hatua ya pili mpaka geji isome sifuri, kisha legeza skrubu, iondoe regyuleta na utazame. Kazi hiyo haifiki dakika moja.

Skrubu ya yoki, ile fremu ya regyuleta inayoizunguka valvu, haikuwekwa ili iigandamize oringi, yaani pete ya mpira inayozuia hewa, kwa nguvu ya mkono. Kazi yake ni kuushikilia uso wa regyuleta ukutane sawasawa na uso wa valvu, na hilo hutimia kwa kukaza kwa vidole tu. Hewa ya bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo) inapoingia huisukuma regyuleta itengane na valvu kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 230, yaani zaidi ya magunia mawili ya mahindi, na nguvu yote hiyo hupita kwenye tundu la oringi lenye upana wa kama milimita 12. Hapo skrubu imekwisha kukazwa na hewa yenyewe, na ndiyo maana ukijaribu kuizungusha wakati mtungi uko wazi utaona imekuwa ngumu kama imechomelewa. Anayeleta koleo huipinda yoki, huharibu nyuzi za skrubu na hulichimba shimo la nyuma ya valvu ambalo ncha ya skrubu hukaa, na baada ya uharibifu wote huo hewa inaendelea kutoka palepale.

Mlio mfupi sana, wa chini ya sekunde moja, unaosikika wakati valvu inaanza kufunguka na kukatika wenyewe, ni oringi inayojipanga mahali pake. Ukitokea mara moja si neno. Ukijirudia kila unapofungua, oringi hiyo imeanza kuchoka na ibadilishwe kabla ya boti kung'oa nanga.

Kitu kidogo kama oringi kinawezaje kuzuia hewa yenye shinikizo kubwa kiasi hicho?

Kinazuia kwa sababu shinikizo lenyewe ndilo linaloifanyia kazi. Oringi hukaa ndani ya mfereji ulio mpana kidogo kuliko unene wake. Regyuleta ikishafungwa, oringi hubonyea kiasi, na kule kubonyea ndiko kunakozuia hewa ya mwanzo. Kadiri shinikizo linavyopanda, hewa huisukuma oringi kuelekea ukuta wa nje wa mfereji na kuigandamiza ijaze kila upenyo, kwa hiyo kiungo huziba vizuri zaidi mtungi unapokuwa umejaa. Wazo hili la pete ya mpira ndani ya mfereji lilipewa hataza nchini Marekani mwaka 1939 kwa fundi mzaliwa wa Denmark aliyeitwa Niels Christensen, ambaye miaka mingi ya kazi yake ilikuwa ya breki.

Kutokana na hayo tunapata masharti matatu ambayo karibu kila uvujaji hutokana na kuvunjwa kwa mojawapo: mpira uwe bado laini na mzima, mfereji na uso vinavyokutana viwe safi bila mkwaruzo, na kusiwe na mwanya ambao oringi inaweza kusukumwa ikatokea nje.

Masharti hayo pia yanaeleza jambo linalowashangaza wengi, la mtungi ambao haukuvuja asubuhi lakini ukaanza kutoa viputo ulipofika bar 50. Oringi iliyokakamaa kwa uzee huhitaji shinikizo kubwa ili ijifinyange. Shinikizo likishuka, inarudi kwenye ukakamavu wake na kuacha njia.

Nitajuaje kwamba hewa inatoka kwenye kiungo hiki na si mahali pengine?

Masikio pekee hayatoshi, kwa sababu sauti husafiri ndani ya chuma na mara nyingi husikika upande usiohusika. Tumia maji yenye sabuni ya kuoshea vyombo. Yatie kwenye chupa ya kunyunyizia, unga regyuleta, fungua valvu taratibu, kisha nyunyiza kuzunguka kiungo chote na usubiri. Uvujaji mdogo sana hauonekani mara moja. Povu jeupe laini hukua polepole kama la maziwa yanayokaribia kuchemka. Kama kituo chako kina pipa au tangi la kuoshea vifaa, unaweza pia kuutumbukiza mtungi sehemu ya juu na kufuatilia viputo vinatokea wapi, mradi tu regyuleta iwe imeungwa na valvu iko wazi, ili maji yasipate njia ya kuingia ndani.

Mara nyingi lawama hupewa kiungo ilhali mwenye kosa ni mhimili wa valvu. Povu likitokea chini ya kitasa unachozungusha, kati ya kitasa na mwili wa valvu, kubadilisha oringi ya mdomoni hakutasaidia chochote, na valvu hiyo inahitaji fundi. Povu likitokea pale valvu inapoingia kwenye shingo ya mtungi, uvujaji huo utaendelea hata ukifunga valvu na kuondoa regyuleta, na mtungi usitumike. Povu likitokea kwenye mzizi wa hosi, hilo ni suala la regyuleta yenyewe. Na ikiwa valvu imefungwa, regyuleta imeondolewa, na bado mdomo wa valvu unatoa viputo, basi kiti cha ndani cha valvu, yaani sehemu inayoziba njia ya hewa, hakifungi.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji sabuni. Fungua valvu, soma geji, funga valvu bila kutoa hewa, kisha ngoja dakika tano. Sindano ikishuka, kuna njia ya hewa mahali fulani kati ya kiti cha valvu na hatua ya pili. Kipimo hiki ni kikali mno, kwa sababu hewa iliyobaki ndani ya regyuleta na hosi ni kidogo na hata uvujaji mdogo huishusha sindano upesi, ila hakikuambii mahali. Sabuni ndiyo inayokuambia mahali.

Tofauti ya yoki na DIN ina maana gani kwa anayetafuta uvujaji?

Ina maana kubwa, kwa sababu oringi haikai upande mmoja. Katika mfumo wa yoki, ambao regyuleta ina fremu inayoizunguka valvu na kubanwa kwa skrubu ya nyuma, oringi iko kwenye uso wa valvu ya mtungi. Ukihamisha regyuleta kutoka mtungi mmoja hadi mwingine na uvujaji ukabaki kwenye mtungi wa kwanza, shuku oringi ya mtungi huo. Katika mfumo wa DIN, ambao regyuleta ina skrubu inayoingia ndani ya valvu, oringi iko kwenye ncha ya regyuleta. Hapo uvujaji humfuata mwenye regyuleta kila mtungi atakaoutumia.

Herufi DIN ni kifupi cha jina la taasisi ya viwango ya Ujerumani, na wageni wengi wanaotoka nchi hiyo hufika pwani na regyuleta za aina hiyo. Mimi naipendelea DIN, kwa kuwa oringi hufungiwa ndani ya chuma pande zote na haina pa kuchomokea. Yoki ni rahisi kufunga na kufungua lakini huachwa nje ya valvu, ambako inaweza kugongwa, na kwa kawaida haitumiki kwenye mitungi inayozidi takriban bar 232.

Nimebadilisha oringi mara tatu na bado inavuja. Nitazame wapi?

Swali hili ndilo linalostahili subira kuliko yote, kwa sababu mtu akifika hapa huwa amekwisha kukata tamaa na yuko karibu kuchukua koleo.

Kwanza chunguza kama valvu yako ni ya kubadilishika, yaani ya DIN iliyochomekwa kipande cha kati ili ipokee yoki. Utakitambua kipande hicho kwa tundu la pembe sita katikati ya mdomo, linaloingia alenki (ufunguo wa pembe sita), mara nyingi ya milimita 8. Kipande hicho kina oringi mbili: moja unayoiona mbele na nyingine iliyojificha nyuma yake, inayozuia hewa kati ya kipande na mwili wa valvu. Oringi ya nyuma ikichoka, hewa hupita pembeni mwa kipande kwenye nyuzi na kutokea usoni, karibu kabisa na oringi ya mbele, nawe unabadilisha ya mbele mchana kutwa bila kufanikiwa. Tazama povu kwa makini. Likitokea kwenye mzunguko wa nje wa kipande, kwenye nyuzi, kosa liko nyuma. Hakikisha valvu imefungwa kabisa na regyuleta imeondolewa, kisha kifungue kipande kwa alenki. Nasisitiza neno kabisa: kipande hicho kikifunguliwa wakati kuna hewa nyuma yake hutoka kama risasi, na kimetengenezwa kwa chuma. Wakati mwingine utakuta hakina tatizo lolote ila kilikuwa kimelegea kwa sababu ya kuchomolewa na kurudishwa kila siku kwa ajili ya wageni wa DIN.

Pili, safisha mfereji na uutazame kwa mwanga wa kutoka pembeni. Mchanga wa pwani yetu, ule mweupe wa matumbawe, ni laini sana na hukaa chini ya oringi bila kuonekana. Chumvi iliyokauka hufanya hivyohivyo. Futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholowa maji yasiyo ya chumvi, au pamba ya kusafishia masikio, kisha kausha. Ukiona mstari mwembamba unaokata mfereji kutoka ndani kwenda nje, huo ni mkwaruzo, na kwa kawaida umetokana na mtu aliyetoa oringi kwa ncha ya kisu. Oringi mpya haizibi mkwaruzo wa namna hiyo.

Tatu, geuza macho upande wa regyuleta. Uso wake wa duara unaokutana na oringi unaweza kuwa na kidonda kilichotokana na kuangushwa sakafuni, au kromu iliyobanduka, au ukoko wa chumvi. Pitisha ukucha, ukucha husikia kile ambacho jicho limekikosa. Njia ya haraka ya kujua ni upande upi wenye kosa ni kubadilishana: regyuleta hii kwenye mtungi mwingine, na regyuleta nyingine kwenye mtungi huu.

Mwisho kabisa ni shimo la nyuma ya valvu. Skrubu ya yoki hukaa kwenye kishimo hicho, na kama kimeliwa au kimeharibika umbo kwa kukazwa kupita kiasi, skrubu hukaa pembeni na kuivuta regyuleta iegemee upande mmoja, hivyo upande mmoja wa oringi unabanwa na mwingine unaachwa. Uvujaji wa aina hii hubadilika ukiitikisa regyuleta kidogo kabla ya kuikaza, na watu wengi hudhani wameutibu kwa sababu uliacha asubuhi moja.

Ninunue oringi ya kipimo gani? Je, za duka la vipuri vya magari zinafaa?

Kwa valvu nyingi za yoki, oringi ya kawaida ina upana wa ndani wa takriban milimita 12.4 na unene wa milimita 1.78, katika orodha za viwango huandikwa 014. Kwa regyuleta nyingi za DIN upana wa ndani ni uleule, lakini unene ni milimita 2.62, na namba yake ni 112. Hata hivyo usinunue kwa namba hizi peke yake bila kulinganisha na iliyotoka, kwani wapo watengenezaji waliofuata njia yao.

Duka la vipuri linaweza kuwa na oringi yenye kipimo sahihi ambayo bado haifai, kwa sababu ya ugumu wa mpira. Oringi nyingi za kawaida zina ugumu wa 70 katika kipimo cha Shore A, ilhali kiungo hiki cha shinikizo kubwa hupendelea 90. Ile laini hukaa vizuri kwa mkono na kuziba vizuri siku ya kwanza, lakini shinikizo huifinyanga taratibu na kuipenyeza kwenye mwanya. Mpira mweusi wa naitraili unatosha kwa hewa ya kawaida. Zile za poliyurethani, ambazo huwa angavu au za rangi, hustahimili zaidi kubanwa na kuachiwa kila siku, na kwa mitungi ya kukodisha ndizo ninazozichagua. Kwa mitungi yenye mchanganyiko wa oksijeni nyingi, mfuate anayekujazia, kwani huko aina ya mpira huamuliwa na usalama wa moto na si na uvujaji tu.

Naitoaje oringi bila kuharibu mfereji?

Bana oringi kwa vidole viwili kutoka pande mbili zinazoelekeana, uzisukume pamoja, na sehemu moja itainuka kama kitanzi. Hapo ishike na uivute. Ikigoma, tumia kijiti cha plastiki au cha shaba, au hata kona ya kadi ya simu iliyokwisha. Usitumie kisu, sindano wala bisibisi. Mpira unauzwa kwa bei ndogo, lakini mfereji uliokwaruzwa unaweza kukugharimu valvu nzima.

Je, nipake grisi au mafuta ili izibe vizuri?

Oringi ya uso wa valvu ya yoki iachwe kavu, au ipate utando mwembamba sana wa grisi ya silikoni ambao hauonekani kwa macho. Grisi nyingi hukusanya mchanga, na kwenye boti mchanga hauko mbali. Grisi pia haizibi uvujaji. Inauficha kwa siku mbili, kisha unarudi ukiwa na mchanga ndani yake.

Mafuta ya kula, mafuta ya nazi, mafuta ya kujipaka na grisi ya gari yasiguse kabisa kiungo hiki. Mengine huuvimbisha mpira. Lililo zito zaidi ni kwamba mafuta yakikutana na hewa ya shinikizo kubwa inayoingia kwa kasi, hasa yenye oksijeni ya ziada, yanaweza kuwaka. Nimewahi kumkuta kijana mwenye nia njema kabisa akipaka mafuta ya nazi kwenye oringi za mitungi ishirini kwa sababu nyumbani ndivyo walivyolainisha kila kitu. Tulizitoa zote, tukaosha kila mdomo, tukaanza upya, na safari ya asubuhi ikachelewa.

Mgeni ana regyuleta ya DIN na haizibi kabisa kwenye mtungi wetu, ingawa oringi yake ni mpya. Kwa nini?

Hesabu nyuzi za skrubu. Regyuleta ya DIN ya bar 200 au 232 ina nyuzi tano, na ya bar 300 ina nyuzi saba. Ile ndefu inaingia na kuziba kwenye valvu zote mbili. Ile fupi ikiingizwa kwenye valvu ya bar 300 haifiki chini, hivyo oringi yake haigusi uso wa ndani, nayo hewa hutoka kwa kishindo mara tu unapofungua. Hilo limefanywa kwa makusudi, ili regyuleta isiyostahimili shinikizo hilo isiweze kufungwa kwenye mtungi wa namna hiyo. Usitafute oringi nene zaidi ili kujaza pengo. Tafuta mtungi mwingine.

Kama ni valvu ya kubadilishika na kipande hakitoki ili mgeni aunge, inawezekana mtungi uliangushwa siku moja ukagonga mdomo wa valvu na kuufanya uwe wa umbo la yai. Hapo usishindane nao.

Nilipofungua valvu oringi ilipasuka kwa mlipuko mkubwa. Nilikosea nini?

Mlipuko huo unatisha, na waliowahi kuusikia karibu na sikio hawausahau. Kwa kawaida oringi imesukumwa nje kupitia mwanya kati ya regyuleta na valvu. Mwanya huo hutokea skrubu ikiwa haikukazwa vya kutosha, regyuleta ikiwa imekaa upande, oringi ikiwa ya kipimo au ugumu usiofaa, au mtungi ulioungwa tayari ukianguka na yoki kugonga chini.

Jambo la kwanza ni kufunga valvu. Usiweke kiganja juu ya hewa inayotoka, kwa sababu mkondo wa hewa wa shinikizo hilo unaweza kupenya ngozi, na usiuinamie kutazama. Hewa ikishaisha, toa mabaki yote ya mpira uliokatika, kwani kipande kidogo kinachobaki kwenye mfereji kitaiharibu oringi inayofuata. Ndiyo maana tunafundisha kufungua valvu taratibu, geji ikielekezwa mbali na uso wa kila mtu, na kukaza skrubu kabla ya kuleta hewa.

Ufukweni kila kitu kilikuwa salama. Tulipofika mahali pa kuzamia mtungi ukawa unavuja. Nini kilibadilika?

Safari ndiyo iliyobadilika. Katika majira ya kusi, boti inayotoka Nungwi kwenda Mnemba, au ile inayotoka Shimoni kuelekea Kisite, hupigwa na mawimbi, na mitungi iliyosimamishwa bila kufungwa vizuri hugongana. Yoki hujitokeza nje ya valvu na ndiyo hupokea pigo. Pigo dogo tu linatosha kuisogeza regyuleta na kuacha ukingo wa oringi wazi.

Jua nalo lina sehemu yake. Mtungi uliokuwa na bar 200 kwa joto la nyuzi 25 ukiachwa juani hadi ufike nyuzi 45 utasoma takriban bar 213, na oringi iliyokuwa ikijikongoja asubuhi inaweza kushindwa adhuhuri. Funika mitungi kwa turubai, ilaze au ifunge imara, na ukague kila kiungo upya boti inaposimama, hata kama ulikagua ufukweni. Mimi hupendelea valvu zifungwe wakati wa safari na zifunguliwe tena mbele ya mpiga mbizi mwenyewe, ili asikie na aone.

Mwenzangu ameona viputo vidogo vikitoka nyuma ya kichwa changu tukiwa chini. Je, tuendelee?

Jibu langu ni kwamba mbizi hiyo imekwisha, kwa utulivu lakini bila majadiliano. Nitaeleza kwa nini, kwa sababu wapo wapiga mbizi wazoefu watakaokuambia viputo hivyo si kitu, na kwa hesabu peke yake hawajakosea sana.

Mtungi wa lita 12 wenye bar 200 una takriban lita 2,400 za hewa. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji hutumia lita 60 kwa dakika akiwa mita 20, kwa sababu huko shinikizo ni mara tatu. Uvujaji wa upande wa shinikizo kubwa haufuati kanuni hiyo. Kiasi chake huamuliwa na ukubwa wa upenyo na shinikizo lililomo mtungini, na kina cha maji hakiubadilishi kwa kiwango cha kuonekana. Kwa hiyo mkufu wa viputo vidogo unaopoteza lita moja au mbili kwa dakika ni sehemu ndogo ya unachovuta. Ni tofauti na hatua ya pili inayomwaga hewa yenyewe, ambayo huzidi kadiri unavyoshuka.

Hesabu hiyo inadhani kwamba upenyo utabaki ulivyo, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Oringi inayovuja imeanza kuachia. Inaweza kubaki hivyo kwa saa nzima, na inaweza kutoka yote kwa mara moja, na hakuna anayeweza kujua kwa kutazama viputo. Ikitoka yote, mtungi uliojaa humalizika kwa dakika chache, nawe unahitaji mwenzi aliye karibu wakati huohuo.

Hivyo toa ishara ya tatizo, onyesha mtungi, mkaribie mwenzi mwenye hewa, na mpande pamoja kwa kasi isiyozidi mita 9 hadi 10 kwa dakika. Ikiwa geji inaruhusu na viputo havijaongezeka, simameni dakika tatu katika mita 5. Viputo vikiongezeka ghafla, pokea hatua ya pili ya akiba ya mwenzako mapema, kabla ya hewa yako kuisha. Mwenzako asijaribu kuizungusha au kuisukuma regyuleta yako mkiwa chini, kwa maana kiungo kilichoanza kuachia kinahitaji mguso mdogo tu.

Uvujaji ulioonekana juu ya maji kabla ya kuzama hauna mjadala wa namna hii. Hata uwe mdogo kiasi gani, hakuna anayezama nao.

Nimemaliza kupiga mbizi na skrubu haifunguki. Naweza kutumia spana?

Bado kuna hewa ndani. Hakikisha valvu imefungwa, bonyeza kitufe cha hatua ya pili mpaka kusiwe na mlio wowote, na usome geji. Karibu kila mara skrubu italegea kwa vidole baada ya hapo. Ikiwa geji inasoma sifuri na skrubu bado ni ngumu, chumvi ndiyo iliyoishika. Mwagia maji ya uvuguvugu na usubiri.

Kichujio kidogo kwenye mdomo wa regyuleta kimebadilika rangi. Kinahusiana na uvujaji?

Kinaweza kuhusiana. Rangi ya kijani inaonyesha kwamba maji, hasa ya chumvi, yameingia na kuila shaba, jambo linalotokea regyuleta ikioshwa bila kifuniko au kifuniko kikirudishwa kikiwa na maji. Rangi ya kahawia iliyokolea wekundu ni kutu ya mtungi wa chuma. Unga mweupe au wa kijivu ni wa mtungi wa alumini ulioanza kuliwa ndani, na weusi huelekea kwenye vichujio vya kompresa. Maji yaliyoingia huacha chumvi kwenye viungo vyote, ukiwemo huu. Kabla ya kuunga, fungua valvu kwa sekunde moja tu, mdomo ukielekea pasipo mtu, ili matone na vumbi vitoke, na usipulize kifuniko cha regyuleta kwa mkondo huohuo, kwani unaweza kuyasukuma maji yaingie ndani.

Nibebe nini kwenye boti, na ni lini nimwachie fundi?

Beba oringi kumi za kila aina unayotumia, kwenye kichupa kisichopenya mwanga, kijiti cha plastiki, kitambaa safi, chupa ya maji ya sabuni, na alenki inayoingia kwenye valvu zenu. Zikikuishia baharini, chukua oringi nzima kutoka kwenye mtungi mtupu, na mtupu huo uutie alama ili asiujaze mtu bila kuona. Usiigeuze oringi iliyochoka ili itumie upande wa pili.

Mwachie fundi kila kinachohitaji kufungua zaidi ya kipande cha kati na oringi ya mdomoni: mhimili wa valvu, shingo ya mtungi, mfereji uliokwaruzwa, yoki iliyopinda, kichujio kilichobadilika rangi. Mpelekee mtungi na regyuleta pamoja, kwa kuwa kiungo kina pande mbili, na umwandikie kwenye karatasi povu lilitokea wapi na geji ilisoma bar ngapi.